Sifa za Taa Isiyoona Mbali

Mwezi umesifiwa na washairi hadi umechoka. Karabai nayo ilipata heshima zake kwenye ngoma na arusi za vijijini kabla nguzo za umeme hazijafika. Aliyesahauliwa ni taa ya mbele ya Land Rover 109, ile ya duara, yenye mwanga wa rangi ya chai ya maziwa. Gari lake hutoka Handeni kwenda magharibi likiwa limesheheni magunia, huingia njia ya vumbi kuelekea Kilindi, na taa yenyewe haina habari na kilichoko hatua 40 mbele. Watu huiita koroboi. Humcheka mwenye gari na kumshauri akafunge taa za kisasa. Dharau hiyo imezidi, na taa hii inastahili wakili.

Kwanza, mwendo. Kwa miaka mingi nchi imehangaika na mwendo kasi: matuta, tochi za trafiki, vidhibiti mwendo, mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kuyafuatilia mabasi popote yalipo. Taa hafifu imeifanya kazi hiyohiyo bila kuomba bajeti. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humeza mita 22 kila sekunde, na kwa vipimo wanavyofundishwa madereva wa Uingereza, linahitaji mita 53 kusimama, tangu dereva aione hatari hadi magurudumu yatulie. Hiyo ni lami kavu na breki zenye afya. Kwa kilomita 48 zinatosha mita 23. Basi taa inayoonyesha mita 25 imeshampangia dereva mwendo wake, na hakuna namna ya kuihonga. Dereva wa 109 hutii bila ubishi, kwani breki zake ni za ngoma magurudumu yote manne, na zikishavuka maji ya korongoni hushika zinapojisikia. Taa na breki za gari hili zimeishi pamoja muda mrefu, zinajuana.

Ukoo wake nao si wa kubezwa. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, taa zilikaa nyuma ya wavu wa grili, kama kuku ndani ya tenga, na mwanga ulipaswa kupenya matundu kabla ya kuanza safari. Baadaye wavu ukatobolewa kuzipisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamishiwa kwenye madigadi, si kwa huruma ya kiwanda bali kwa sheria za nchi zilizonunua magari hayo. Vifaa vya umeme vilitoka kwa Lucas ya Birmingham. Waingereza wenyewe, kwa utani wao mkavu, walimpachika Joseph Lucas cheo cha Mkuu wa Giza. Wachache wenye kiwanda cha taa wamewahi kupata cheo kama hicho.

Kioo ni cha inchi 7, kipimo kilekile kilichotumika kwenye Land Cruiser za zamani, Jeep na hata Mini, hivyo spea yake haina kabila. Tena ni kioo kweli. Plastiki za magari ya leo zikipigwa na jua miaka michache hugeuka njano na kuota ukungu, mwenyewe akabaki Jumapili nzima anazisugua kwa dawa ya meno. Kioo cha 109 hakijui aibu hiyo. Kinachooza ni kila kitu kilicho nyuma yake.

Kisha kuna adabu. Kwenye matoleo ya miaka ya 1960 swichi ya kupunguza mwanga iko sakafuni, kushoto mwa klachi. Dereva akikutana na mwenzake huikanyaga, fulu ikashuka kuwa dimu. Vumbi jekundu la Handeni likiingia humo swichi hunasa hata wiki nzima, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa tofauti ya fulu na dimu ya gari hili ni ya kwenye makaratasi. Anayesukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa haoni sababu ya kukimbilia kichakani. Hata mzigo ukizidi, springi za nyuma zikalala na pua ya gari ikainuka hadi taa zinamulika maembe juu ya mti, popo huendelea kula bila wasiwasi.

Lakini sifa kubwa kuliko zote iko Korogwe, kwenye gereji za kando ya barabara kuu, maana hapo taa hii hulisha familia za watu. Mzee anafika na 109 yake, anasalimiwa shikamoo, anaeleza shida: anataka taa kali. Fundi umeme anayeijua kazi haigusi globu. Anawasha taa, anaweka mita kwenye betri, kisha anaihamishia kwenye soketi iliyo nyuma ya kioo. "Taa unazo, mzee," anasema. "Umeme ndio haufiki."

Na kweli haufiki. Umeme ukitoka betri hupanda hadi swichi ya dashibodi, hushuka kwenye swichi ya mguu, hurudi mbele kwa waya wa bluu wenye mstari mweupe ikiwa ni fulu au mwekundu ikiwa ni dimu, hupita kwenye viungio vilivyooza, ndipo unagonga globu. Kila kituo hukata kodi yake. Kurudi hupitia ethi, na hapo ndipo penye ufundi wa kipekee wa gari hili: bodi ni aluminiamu, chesisi na bolti ni chuma. Metali hizo mbili zikikaa pamoja kwenye unyevu hulana, zikatoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Mita inaweza kusoma volti 12.6 kwenye betri na 10.8 kwenye taa. Mtu atasema si haba, zimepotea volti mbili tu. Globu ya waya haihesabu hivyo: mwanga wake huanguka kwa kasi kuliko volti, na kwa upungufu huo takriban asilimia 40 ya mwanga imeshaliwa njiani.

Tiba yake inajulikana, na ndiyo inayowatia hofu wapenzi wa taa hafifu. Ni relei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, kila moja na fyuzi yake. Waya mnene wa milimita 4 za mraba kutoka betri moja kwa moja. Na ethi mpya, sehemu yake ikipigwa msasa hadi chuma king'ae. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuziamuru relei tu, haibebi tena mzigo. Akipenda, mwenye gari hubadili na kioo, akaweka cha kuchukua globu ya H4, iliyoingia sokoni mwaka 1971, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Fundi aliyetulia humaliza kwa nusu siku. Hasara yake kwa jamii ni dhahiri: gari lililokuwa likirudi gereji leo kwa globu, kesho kwa soketi, keshokutwa kwa swichi, linaweza kupotea mwaka mzima.

Heri kwa gereji, wenye magari wengi hawaitaki tiba hiyo. Wanataka makubwa.

Mmoja hununua globu za wati 100 na kuzichomeka kwenye waya zilezile za mwaka 1965. Mbili zikiwaka fulu zinavuta karibu ampea 17. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye mengi ya magari hayo, mwisho wake ni ampea 22, na hiyo ni injini ikiwa inazunguka vizuri. Ikishuka mlio, dainamo nayo inalala. Zinazobaki zigawane waipa, koili na betri yenyewe. Kabla hajafika Sindeni dashibodi imeanza kunuka plastiki iliyoungua, na kesho yake yuko gereji tena. Taa hafifu haikumfukuza mteja huyo. Yeye ndiye aliyeikimbia.

Mwingine huchukua LED ya bei poa yenye feni ndogo mgongoni. Haivuti umeme mwingi, hilo ni jema, na ukisimama mbele yake utaapa ni jua. Ila riflekta ya zamani ilichongwa kwa ajili ya waya mwembamba uliokaa mahali pamoja maalumu. Chanzo cha mwanga kikibadilika umbo, miale husambaa ovyo, mingi ikaenda machoni mwa anayekuja badala ya barabarani. Zaidi ya hayo, Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa chanya kwenye bodi. Globu ya waya haijali umeme umeingilia wapi. LED inajali sana, na hukaa kimya.

Wa tatu hufungiwa taa za mtumba zilizoletwa kutoka Dubai. Huko wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo dimu zao hulenga kulia. Kwenye barabara ya Mkata kwenda Handeni, kulia ndiko yaliko macho ya dereva mwingine.

Halafu liko vumbi. Mtu anayelifuata lori kwenye njia ya Kilindi akiwasha mwanga mweupe wenye ubluu, hujengewa ukuta mbele yake, kwa kuwa mwanga unarudi machoni mwake kabla ya kufika popote. Taa hafifu hairudishi kitu, maana haikutoa kitu. Wafaransa walilazimisha taa za njano kwenye magari yao kuanzia miaka ya 1930 hadi 1993, wakiamini hazisumbui macho. Handeni imeipata njano hiyo bila sheria, kwa kutu ya riflekta peke yake.

Kuna mahali pamoja ambapo mtetezi wa taa hii hulazimika kukohoa kidogo. Ni pale 109 inapoiacha njia yake na kuingia barabara kuu ya Chalinze na Segera. Tangu marufuku ya mabasi kusafiri usiku ilipoondolewa mwaka 2023, hapo Mkata na Kabuku mabasi ya Arusha na Moshi hupishana usiku kucha. Huko taa si ya kuonea tu, ni ya kuonekana. Globu ya kulia ikiwa imekufa, dereva wa basi anayekuja huona nukta moja ya njano pembeni kabisa na kudhani ni bodaboda, akapanga nafasi ya kupishana na bodaboda. Upana wa Land Rover nzima uko gizani, upande wake. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haina nafasi ya utani katika hilo, na trafiki wa Segera hawajawahi kusomewa sifa hizi.

Ndiyo maana baadhi ya wazee wamesalimu amri, wakafunga relei, wakapiga msasa ethi. Usiku wa kwanza huwa wa mshangao: mashimo waliyokuwa wakiyagonga kwa mazoea sasa yanaonekana yakiwa mbali, mbuzi anaonekana akiwa bado anafikiria kuvuka, na kioo cha mbele kinaonyesha kila mkwaruzo wa waipa. Mguu hauna tena sababu ya kukaa 45. Unakwenda 60, unakwenda 70. Asubuhi mzee anarudi Korogwe, safari hii anampita fundi umeme kwa salamu tu na kuulizia fundi breki anakaa mti gani.