Usiifute D ya Babu

Nyaraka za ukoo wetu hukaa katika sanduku la bati, na sanduku hukaa chini ya kitanda cha Shangazi, Ujiji. Halifunguliwi ila kwa harusi, msiba au shauri. Safari hii lilifunguliwa kwa sababu Baba Mkubwa, aliyekuwa akiitunza nyumba ya ukoo, alikuwa amefariki, na nyumba hiyo haikuwa yake peke yake. Aliijenga baba yake babu, Rajabu, na tangu afe haikuwahi kugawanywa. Warithi wake wako Kigoma, wako Dar es Salaam, na wengine wako Uvira, ng'ambo ya ziwa.

Tulipeleka karatasi za Rajabu ofisini kwa ajili ya mirathi. Karani akazipanga mezani, akazitazama kwa makini, kisha akasema, "Ndugu zangu, hapa mmeniletea watu wanne."

Hakutuonea. Hati ya ndoa ya mzee iliandikwa na shehe kwa herufi za Kiarabu: re, jimu, be, basi, bila irabu hata moja. Karatasi yake ya kibarua wa reli, ya enzi ya Mjerumani, mwaka 1914 reli ya kati ilipofika Kigoma, inasema Radschabu. Kibali chake cha kuvuka ziwa kinasema Radjabu. Na stakabadhi ya kodi ya enzi ya Mwingereza inasema Rajabu, kama tunavyoandika leo.

Mtu mmoja, ila kalamu nne zilimpitia. Kwa Mjerumani herufi j husomeka kama y yetu, kwa hiyo alipotaka sauti ya "ja" ilimbidi arundike dsch. Kwa mkono huohuo Zanzibar aliiandika Sansibar. Mwaka 1916 Wabelgiji waliivamia Kigoma na Ujiji, wakakaa hadi 1921 walipomkabidhi Mwingereza. Hao waliandika kwa mazoea ya Kifaransa, na j ya Kifaransa ni laini mno kwa jina letu, ndiyo maana waliitanguliza d. Mwingereza hakuhitaji nyongeza yoyote. Mzee mwenyewe hakubadili kitu. Alipoulizwa jina alilitamka vilevile, na aliyeshika kalamu akaandika alivyozoea.

Tulirudi nyumbani tumechoka, tukala ugali wa muhogo na migebuka, tukalala. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha sita, hakulala. Aliona watu wazima wanahangaika, akataka kutusaidia. Alichukua chupa ndogo ya wino mweupe wa kufutia, akaipaka ile dsch ya Mjerumani na ile d ya Mbelgiji, akasubiri pakauke, kisha akaandika juu yake kwa kalamu ya bluu. Asubuhi aliniletea karatasi zote kwa furaha.

"Mjomba, sasa yanafanana."

Shangazi alizipokea, akazisogeza karibu na macho, akazigeuza, akakaa chini mkekani. Hakupandisha sauti. "Mjukuu wangu, mkono ulioandika hapa uliandika mimi sijazaliwa. Nani amekutuma umsahihishe mtu aliyekwishakufa?"

Nyumba nzima iligawanyika. Kaka yangu alisema twende hivyohivyo, labda hawataona. Dada, mama yake kijana, alilia kwa kuogopa mwanawe asije akashitakiwa kwa kughushi. Mimi na Shangazi tulisema hapana, hakuna karatasi iliyopakwa itakayotoka humu ndani bila maelezo. Na hapo bado hatujajua ukubwa wa hasara.

Tuliujua binamu yetu aliposhuka kwenye boti pale Kibirizi, akitokea Uvira. Alikuja na karatasi moja tu ya zamani ndani ya mfuko wa nailoni: ya marehemu babu yake, ndugu yake babu yetu, imeandikwa "mwana wa Radjabu, wa Udjidji." Akasema, "Kwetu tunaandikaka na d tangu zamani. Nioneshe yenu yenye d, ndiyo itasema sisi ni wamoja."

Yetu yenye d ilikuwa imepakwa wino mweupe.

Hapo ndipo kijana alipoinamisha kichwa. Upande wa pili wa ziwa Wabelgiji walibaki hadi 1960, basi tahajia yao ilibaki nao na kurithiwa na watoto. Mashabiki wa Yanga waliomshangilia aliyekuwa beki wao Mkongo, Djuma Shabani, wameiona d hiyo katika jina lake. Kwetu ilidumu miaka mitano tu, na katika sanduku lote iliachwa kwenye karatasi moja. Herufi ambayo mpwa wangu aliiona kuwa kasoro ndiyo iliyokuwa inatuunganisha na wenzetu.

Binamu hakukata tamaa. Aliichukua karatasi, akatoka nayo uani, akaigeuza nyuma akaielekeza juani. Wino wa zamani ulikuwa umezama ndani ya karatasi na wino mweupe ulikuwa juu tu. Ikaonekana kinyumenyume, lakini ikaonekana: R, a, d, j.

Tulienda kwa wakili na kumweleza kila kitu, pamoja na kosa la kijana. Alituandalia hati ya kiapo iliyotaja tahajia zote nne, moja baada ya nyingine, na kutamka kuwa ni za mtu mmoja. Karatasi zilizopakwa zilielezwa zilivyo, hazikufichwa. Shangazi alitoa ushahidi wa nasaba kwa mdomo, akiitaja mpaka kaburi la mzee lilipo, na mzee mwingine wa mtaani akamthibitisha. Shauri likasonga mbele, na ndugu wa Uvira wakaingia katika orodha ya warithi.

Familia nyingi za mwambao huu zina karatasi za namna hii, na nyingi zinataka kuzinyoosha. Msizinyooshe. Kama Salehe wenu aliandikwa Sarehe na karani asiyetofautisha r na l, muacheni hivyo, na mumtafute kwa majina yote mawili. Anzeni daftari. Kila karatasi iwe na mstari wake: jina lilivyoandikwa herufi kwa herufi, mwaka, mahali, na serikali iliyokuwapo. Tahajia mnayoitumia leo iandikeni pembeni, isiikalie ya zamani. Pigeni picha pande zote mbili. Kisha wakalisheni wazee wazitaje nasaba wangali na nguvu, kwa sababu kiapo bila mzee wa kukithibitisha ni kigumu kuaminika.

Daftari letu analiandika mpwa wangu. Shangazi ndiye aliyemchagua, na kila akimaliza ukurasa, kijana humsomea jina herufi moja moja, d ikiwemo.