Shikamoo, Kambale1978

Nikikatiza stendi ya Ifakara siku hizi, vijana wa steshenari hunisalimia kwa nywila yangu. "Shikamoo, Kambale1978!" Naitika marahaba. Nifanyeje?

Juma lililopita niliipakia kompyuta yangu ya mezani kwenye bodaboda, nikaipeleka kwao kwenye intaneti ya uhakika. Nilitaka kufunga GnuPG, programu ya kufumba barua na mafaili asiyasome mwingine, aliyoianzisha Mjerumani Werner Koch mwaka 1997. Ubuntu, mfumo unaoiendesha kompyuta yangu, huja nayo tayari, lakini mimi nilitaka kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, maana siri haikabidhiwi programu usiyojua ndani mna nini. Kwamba msimbo wenyewe siwezi kuusoma, hilo ni shauri lingine.

Na ufundi huu unalevya. Kila mtu ana funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Ule wa wazi unaugawa hata kwa adui, maana unafunga ujumbe tu, kuufungua hauwezi. Wa siri hautoki kwako. Wamarekani waliuhesabu ufundi huu kuwa silaha, wakauwekea vikwazo usitoke nje ya nchi. Ndipo mwaka 1995 msimbo wa PGP, programu ya Phil Zimmermann iliyoitangulia GnuPG, ukachapwa kitabu, kwa kuwa kitabu hakizuiliki forodhani. Watu wazima, na kitabu cha alama tupu!

Sasa GnuPG, kama bwana harusi, haiji peke yake. Hutangulia libgpg-error, ikafuata libgcrypt, libassuan, libksba na npth, na kila mmoja akishajengwa hudai nywila ndipo aingie ndani. Ubuntu ile ukiandika nywila haioneshi hata nukta, makusudi, ili anayechungulia asijue hata urefu wake. Mimi nikajua kibodi imekufa. Kijana akaleta nyingine. Kimya. "Mzee, nitajie paswedi niandike mimi." Foleni ya kutoa kopi ikanyamaza kwa adabu, nami nikataja herufi kwa herufi. Mama mmoja akauliza kama K ni kubwa.

Kisha umeme ukakatika, katika wilaya ile ile yenye mitambo ya kufua umeme ya Kidatu ya megawati 204.

Uliporudi, nikaiona kompyuta ya duka. Imejaa vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi na nywila za akaunti za ajira, kila faili na jina la mtu. Hapo sikucheka. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya watu hao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Lakini kila dirisha la ofisi linadai nakala ya kitambulisho, na asiye na mashine nyumbani ataitolea wapi kama si pale? Mwenye duka naye hakuna aliyemweleza kitu.

Ukitoa kopi steshenari, usiondoke. Simama nyuma ya kijana mpaka afute faili lako, na pipa la taka la kompyuta nalo alimwage.