Sifa za Hesabu Isiyoshuka

Wenye kasi na wenye kumbukumbu kubwa wana wapambe wa kutosha. Vigelegele vyangu leo ni vya mnyonge aliyejificha ndani ya kiini cha Linux, anayekesha usiku na mchana bila mshahara, akila betri za watu kwa adabu kubwa.

Alizaliwa katika nyumba yenye nia njema. Toleo la 2.6.32, lililotoka Desemba 2009, lilileta utaratibu wa kulaza vifaa kimoja kimoja huku kompyuta yenyewe iko macho: kamera isiyo na kazi ilale, kadi ya sauti ikinyamaza ipunguziwe umeme. Kila kifaa kikapewa hesabu yake. Kiendeshi, yaani programu inayokisimamia kifaa, huongeza moja kinapokihitaji na kupunguza moja kinapomaliza. Hesabu ikifika sifuri, kifaa kina ruhusa ya kulala.

Hapo ndipo anapoingia shujaa wetu, amri iitwayo pm_runtime_get_sync. Kwanza huongeza hesabu, kisha hukiamsha kifaa. Kifaa kikigoma kuamka, hurudisha namba ya kosa, lakini hesabu huiacha hukohuko juu. Ukarimu ulioje! Ni sawa na mlinzi wa geti anayemwandika daftarini kila aliyebisha hodi, hata aliyefukuzwa, kisha akakataa katakata kuzima taa za uani kwa sababu daftari linasema mgeni bado yumo.

Tena ana haki ya aina yake. Mwandishi mvivu wa kiendeshi, asiyetazama kama amri imefaulu au imeshindwa, huongeza na kupunguza kwa mazoea tu, na hesabu yake hutoka sawa. Mwandishi makini ndiye anayenaswa: anakagua kosa, anaona kifaa hakikuamka, anaondoka kwa heshima bila kupunguza kitu, kwani mtu mwenye akili timamu anarudishaje asichopewa? Hesabu inabaki moja milele, na kifaa hicho, hata kikipona baadaye, hakilali tena. Sijui tuzo gani nyingine duniani humpa mzembe na kumnyima mwangalifu kwa uaminifu namna hii.

Wala hakeshi peke yake. Ndani ya kiini vifaa vina wazazi na watoto, na kwa kawaida mzazi halali mtoto akiwa macho. Kidude kidogo kilichokwama kwenye waya wa mwisho kinaweza kumkesheza mzazi wake, na mzazi wa mzazi wake. Ukoo mzima macho, na mwenye kompyuta haoni lolote la ajabu. Skrini haizimiki, faili hazipotei, ujumbe wa kutisha hautokei. Mkoba una joto kidogo tu, na chaja inatafutwa saa tisa badala ya saa kumi na mbili. Mtu analaumu betri, ananunua nyingine.

Mwaka 2020 wenye wivu walimgundua. Viraka vikamiminika, kimoja baada ya kingine, kwenye viendeshi vya kadi za picha, vya kamera, vya sauti, vyote vikirekebisha kosa lilelile. Mwishoni mwa mwaka huo ikaongezwa amri mpya, pm_runtime_resume_and_get, ambayo ikishindwa kuamsha kifaa hurudisha hesabu ilipokuwa. Lakini ya zamani hawakuthubutu kuigusa. Viendeshi vingi vilikwishazoea tabia yake na vilijipunguzia hesabu vyenyewe. Kumnyoosha mzee huyu kungevifanya vipunguze mara mbili, na hesabu ikaharibika upande wa pili. Basi akaachwa kitini pake, pembeni ya kijana aliyeletwa kumrithi. Ni wastaafu wangapi hupata heshima hiyo?

Anayetaka kumwona akiwa kazini na aingie kwenye folda ya /sys, atafute kifaa anachokishuku, afungue sehemu iitwayo power. Humo mna faili mbili, runtime_active_time na runtime_suspended_time, zinazohesabu milisekunde za kukesha na za kulala. Azisome, akachemshe chai, arudi azisome tena. Ya kwanza itakuwa imepaa. Ya pili ipo palepale, na asilimia kadhaa za betri zimekwenda na maji.