Jinsi ya Kumnyang'anya Dereva Visingizio

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Dereva wa mbio akikosa ushindi ana orodha ndefu zaidi: injini imekosa pumzi, mwenzake kapewa tairi nzuri, timu ya jirani ina pesa na mafundi wa kumwaga. Kama umechoka kusikia hayo, dawa ipo. Porsche wanaichemsha Ujerumani tangu 1986. Fuata hatua hizi, usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: wape wote gari moja.
Si magari yanayofanana, gari lilelile. Porsche walianza na 944 Turbo, na Joachim Winkelhock akawa bingwa wa msimu ule wa kwanza. Mwaka 1990 wakahamia 911, mashindano yakaitwa Carrera Cup. Mwaka 1993 ikazaliwa Supercup, inayozunguka viwanja vya Ulaya. Magari ya Cup ya leo hutoka Zuffenhausen, Stuttgart, yakiwa yameunganishwa mahali pamoja na 911 za kuendea kazini.

Hatua ya pili: piga injini lakiri.
Fundi mahiri ni hatari. Ukimwachia funguo na usiku mmoja, asubuhi injini itakuwa na nguvu ambazo kiwandani hawazijui. Kwa hiyo injini ifungwe kwa lakiri, na tairi zitoke kwa mtengenezaji mmoja. Kwenye Supercup ni Michelin. Tajiri anaweza kuleta hema kubwa na kahawa nzuri. Kasi hapati kuinunua.

Hatua ya tatu: mwachie vitu vichache vya kuchezea.
Ukimfungia kila kitu, atasema hakupewa nafasi. Mruhusu abadilishe pembe ya bawa la nyuma, upepo wa tairi, na ugumu wa vyuma vinavyozuia gari lisilale kwenye kona. Akiongeza bawa, gari litashika barabara konani lakini litapungua kasi kwenye mnyoosho. Akipunguza, kinyume chake. Uamuzi ni wake, na lawama zitajua pa kwenda.

Hatua ya nne: chagua gari lenye tabia.
Gari pole linawaficha wazembe. 911 haimfichi mtu, kwa sababu injini yake inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Afrika Mashariki tunalijua umbo hilo: katika Safari Rally ya 1978, Mkenya Vic Preston Jr alimaliza wa pili na 911, na uzito ule wa nyuma ulikuwa msaada mkubwa palipohitajika kung'ang'ania tope. Kwenye lami ya mashindano uzito huohuo unadai adabu. Dereva akiingia konani na kuachia breki mapema, pua inakuwa nyepesi na gari linakwenda moja kwa moja huku usukani umekunjwa. Akishtuka na kuondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona, mkia unataka kumpita. Anayejua hubaki na breki kidogo, kiasi cha kuilemea pua, mpaka gari ligeuke. Kisha hukanyaga mafuta mapema kuliko anavyothubutu jirani yake, uzito ukae juu ya tairi za nyuma na kumsukuma nje ya kona. Hapo ndipo sehemu za kumi za sekunde zinapopatikana. Mtazame miguu kupitia mwendo wa gari, utaona.

Hatua ya tano: akishalizoea, mbadilishie.
Mazoea nayo ni kisingizio, hasa kwa wakongwe. Katikati ya miaka ya 1990 madereva walikuwa na 911 ya kizazi cha 993, ya mwisho kupozwa kwa hewa. Mwaka 1998 ikaja 996 yenye injini ya kupozwa kwa maji. Mwaka 2006, 997 ikaleta gia za mfuatano, moja baada ya nyingine, kwa kuvuta na kusukuma wenzo. Mwaka 2013, 991 ikahamishia gia kwenye vibao vilivyo nyuma ya usukani. Mwaka 2021 ikaja 992: lita 4, nguvu za farasi 510, karibu mara mbili ya gari la 1990, na injini inayoweza kunywa mafuta ya kusanisi. Kila badiliko linawarudisha wote darasani siku moja, bingwa na mgeni.

Hatua ya sita: mweke mbele ya wenye macho.
Supercup hukimbia Jumapili kabla ya Formula 1, takriban nusu saa tu, huku mabosi wa timu kubwa wakiwa palepale uwanjani. Nusu saa haina nafasi ya kurekebisha kosa. Anayeanza vibaya Monaco, ambako barabara ni nyembamba na gari la mbele ni sawa na la kwake, atatazama taa za nyuma za mwenzake mpaka bendera ya mwisho.

Hatua ya saba: aliyebaki bila kisingizio, mfungulie mlango.
Patrick Huisman alichukua ubingwa wa Supercup mara nne mfululizo, 1997 hadi 2000. René Rast aliuchukua mara tatu, kisha akaenda kuwa bingwa wa DTM, mashindano ya magari ya Ujerumani, mara tatu. Earl Bamber alishinda Supercup mwaka 2014. Nick Tandy alikuwa ameshinda Carrera Cup ya Ujerumani mwaka 2011. Mwaka 2015 Porsche waliwaweka wawili hao gari moja na Nico Hülkenberg, dereva wa Formula 1, katika Saa 24 za Le Mans, na watatu hao wakashinda.

Basi anayekutafutia dereva, akija na video za mbio za magari tofauti, mwambie arudi na matokeo ya Cup.