Jinsi ya Kupenda kwa Kiitaliano Ukiwa Barumbu

Kijana wa Barumbu, hapa Kongo, umeamua kumbembeleza mtu kwa Kiitaliano na tayari umeandika "ti amo", kidole kinawasha kutuma. Futa. Hujafika huko.

Sisi tuna kupenda, neno moja la kazi zote. Unampenda mama, unapenda chakula cha lituma, unaipenda timu ya TS Malekesa, unampenda binti wa jirani. Waitaliano wamegawa kazi hiyo. "Ti amo" ni ya mpenzi, na huitoa kwa uchache. Mama, kaka, rafiki wa kufa na kuzikana huambiwa "ti voglio bene", yaani nakutakia mema. Mpenzi naye huambiwa hivyo, hasa penzi likiwa changa. Anzia hapo. Vijana wa Italia huifupisha TVB kwenye ujumbe, kwa hiyo hata aliyebakiwa na mega chache anaweza kupenda.

Hapa ndipo Kifaransa cha shuleni kinapotuponza. Kila mtu Kisangani anajua uchungu wa kuambiwa "je t'aime bien": hilo "bien" limekufungia mlango. Basi msichana wa Torino akikuandikia "ti voglio bene", unalala na njaa ukidhani umekataliwa. Amka ule! "Bene" ya Kiitaliano haipunguzi kitu, ndiyo yenye uzito wote. Tena usiisahau unapoandika wewe, kwa sababu "ti voglio" tupu ni nakutaka, na ni kutaka kwa mwili. Baba yake akiisoma, tafuta baiskeli ya toleka yenye matairi mazuri.

Mahali pengine Kifaransa kinakuokoa. "Mi manchi" imejengwa sawasawa na "tu me manques": aliye mbali ndiye mtenda. Anayegeuza na kuandika "ti manco" amemwambia mwenzake "wewe ndiye unanikosa mimi", na majivuno ya namna hiyo hayaombewi msamaha kwa urahisi.

Angalia pia jinsia. Mwanaume ni "innamorato", mwanamke "innamorata". Ukinakili maneno ya dada yako herufi kwa herufi, umejitangaza bibi harusi. "Amore mio" na "tesoro" hazibadiliki, hata umwambie nani.

Mpenzi wako akikupa simu uzungumze na mama yake, usirushe "ciao". Sema "buongiorno, signora", kisha tumia "Lei", heshima ileile ya "vous". Mama mkwe hatongozwi, anaheshimiwa.

Ukitaka kuona Kiitaliano cha mapenzi kilichopatikana kwa masikio, tazama Malindi na Watamu nchini Kenya, au Kiwengwa, Unguja. Malindi, Waitaliano walikuwa jirani tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco huko Ngomeni, kilichorusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967. Hoteli zao ziliongezeka, na vijana wa ufukweni wakakiokota Kiitaliano midomoni mwa wageni, bila daftari. Nawaheshimu kwa hilo, maana wengi wetu tuna vyeti na hatuwezi kuagiza chai. Lakini "ciao bella" yao humwangukia kila apitaye, mwenye miaka 20 na mwenye 70, kwa sababu nyuma yake kuna safari ya boti ya kuuza. Mwanamke aliyewahi kukanyaga mchanga ule ameisikia asubuhi, mchana na jioni. Wewe huuzi boti. Mwite mpenzi wako kwa jina lake.

Halafu muulize "hai mangiato?", umekula? Penzi linaloulizia chakula Waitaliano wanalielewa upesi kama tunavyolielewa sisi, na swali hilo hakuna anayeliuliza kwa wapita njia wote.

Kwa hiyo leo andika jina lake, hilo swali, na "ti voglio bene". "Ti amo" itunze mpaka siku mtakapoonana uso kwa uso. Na akijibu "anch'io", mimi pia, mwambie mama yako kabla ya rafiki zako.