Tope la Bure

Mwaka 1970 mkulima wa Kiingereza, Michael Eavis, aliwaita watu shambani kwake Pilton waje kusikiliza magitaa: kiingilio pauni 1, maziwa bure. Ndilo tamasha linaloitwa leo Glastonbury. Mwaka 2025 tiketi ilipita pauni 370, na mvua ikinyesha, waliolipa hugaagaa topeni huku wakipigwa picha, wanacheka.

Kumbe sisi wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, tuna utajiri! Mvua ikikolea, karibuni barabara ya Kabambare: tope la magotini, bila tiketi. Pikipiki zinanguruma kushinda gitaa lolote la umeme. Lori likikwama, hadhira hujikusanya yenyewe, washauri wengi, wasukumaji haba. Kulala ni nje, kama kule kwa Eavis, ila mahema hatuna. Wala maziwa.

Goma wenzetu walihangaika na jukwaa. Tamasha la Amani lilipangwa 2013, vita vikalisukuma hadi Februari 2014. Letu haliahirishwi. Linalotusikitisha ni wageni rasmi: kila msimu tunawangoja, kumbe wamepita juu, kwa ndege.