Sifa za "Bado Tunaipitia"

Mimba ya tembo hukaa miezi 22, na sijasikia mtu aliyempigia tembo simu kumuuliza amefikia wapi. Filamu yetu ya wanyamapori haijafika huko. Imeshahaririwa, rangi zimewekwa sawa, sauti ya msimulizi imekaa mahali pake, na nembo za wafadhili zimepangwa zisimuudhi yeyote. Kilichobaki ni idhini ya mdau wetu wa uhifadhi, naye kila akiulizwa hujibu kwa upole: "Bado tunaipitia." Wenzangu huitukana kauli hiyo. Mimi leo nimekuja kuisifu.

Kwanza, adabu yake. Haikatai, haikubali, wala haimwahidi mtu Ijumaa. Ukiisikia unawaona wataalamu wamezunguka skrini, kalamu mkononi, wanabishana juu ya mkia wa fisi, hata kama afisa mhusika yuko semina Arusha na kiungo cha filamu hakijafunguliwa.

Pili, huleta amani kazini. Kabla yake mhariri wetu alikuwa na faili liitwalo "Mwisho", likafuatwa na "Mwisho Kabisa", kisha "Mwisho Kabisa Usiguse". Sasa amepumzika. Amerudia kula mchana.

Na ina macho, hili lazima niliseme bila mzaha. Jedwali la maoni ya awali ya mdau lilipokuja, mstari mmoja ulilalamika kwamba nembo yao ni ndogo kuliko ya wenzao. Uliofuata, kwa herufi zile zile na bila kupandisha sauti, ulisema: picha ya faru itoke, masikio na kilima vinaonekana. Mpiga picha wetu nusura alie. Ilikuwa jioni, vumbi la dhahabu, faru mweusi amegeuza kichwa kuitazama kamera. Lakini faru wengi wanaofuatiliwa kwa karibu hukatwa alama masikioni, na mpangilio wa alama hizo ndio kitambulisho cha kila mmoja. Kilima nacho ni anwani. Mwenye kuijua hifadhi akiviona viwili hivyo anajua ni faru yupi na anakunywa maji wapi, na wanunuzi wa pembe hawakosi watu wanaoijua hifadhi. Picha ikatoka. Nembo nayo ikakuzwa, kwa heshima ile ile.

Pale kauli hii ilipokosekana, tumeona matokeo. Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya White Wilderness, iliyoonyesha lemming, vipanya vya nchi za baridi, wakijirusha majini kwa makundi kana kwamba wamechoka kuishi. Ikapata Oscar. Mwaka 1982 televisheni ya CBC ya Kanada ikafichua kwamba mandhari ile ilipigwa picha Alberta, mahali ambapo vipanya hao hawaishi, na kwamba walinunuliwa, wakaletwa, wakasukumwa mtoni na watengenezaji wenyewe. Hadi leo kuna watu wazima wanaoapa kwamba lemming hujiua. Afisa mmoja mzembe wa kujibu barua pepe, mwenye tabia ya kwenda semina, angewaokoa vipanya wale na sisi sote.

Wanaoipinga watasema inachelewesha. Kweli, ndama wa nyumbu tuliowapiga picha Ndutu mwezi Februari, wakisimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, sasa wako kaskazini wanavuka Mto Mara, na mamba wamekwisha kuwapitia bila kuomba nyongeza ya muda. Kwenye filamu msimulizi bado anawaita "wageni wapya duniani". Si kitu. Mwakani watazaliwa wengine, na maneno yatakuwa sahihi tena.

Kwa hiyo, ndugu mtayarishaji, ukijibiwa "bado tunaipitia", shukuru, kisha irudie ile picha ya faru uitazame masikio. Na kama wewe unayesoma hapa ndiye mdau wetu, karibu sana, huna haja ya kuharakisha. Ila kiungo kinakwisha muda wake Ijumaa, na nenosiri ni lile lile.